Mluzi Niliompigia Tomi

Ndugu zangu, mama zangu, mnajua nikisimama hapa mbele ya mkutano wetu huwa nasema nini. Nasema shule niliachia darasa la tano, nikaanza na gambuti za kuazima, hata viatu vya mpira sikuwa navyo, na leo majani yangu ya chai yanateremka mpaka mtoni. Ni kweli, na sioni haya kuyasema. Lakini leo nimesimama kwa ajili ya mbwa. Wale wanaotaka kucheka wacheke sasa, nitangoja.

Asanteni.

Anaitwa Tomi. Miaka saba alipanda nyuma ya pikap yangu kila siku ya kupeleka majani. Tukikaribia kituo cha majani hapa Boito, nilikuwa napiga mluzi, na Tomi anaruka chini gari ikiwa bado inatembea. Foleni yote inageuka. Nawaambia ukweli, nilipenda kule kugeuka kwa watu kuliko hata chai yenyewe. "Mbwa wa tajiri," walisema, na mimi najifanya sijasikia.

Mvua za mwaka jana aliruka, akafika chini, na miguu ya nyuma ikakataa kuinuka. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayeuliza amekosa nini.

Wazee wakaniambia nimmalize kwa panga. Huku kwetu mbwa ni wa kulinda boma. Akishindwa kulinda, kazi yake imeisha. Mimi nikasema mtu kama mimi hashindwi na mgongo wa mbwa. Nikampeleka Nairobi, akapasuliwa mgongo. Bei sitaitaja, mke wangu amekaa pale. Lakini sikilizeni vizuri: sikumpeleka kwa huruma peke yake. Nilitaka isemwe kwamba mbwa wangu amepasuliwa Nairobi.

Daktari wa mifugo alitoa masharti. Wiki sita afungiwe mahali padogo, asiruke, asikimbie, ashikiliwe akienda haja. Nikamweka kwenye kibanda cha ndama, nyasi kavu chini. Gunia la majani, lile la wavu, mke wangu alilikata akashona mikanda, tukalipitisha chini ya tumbo lake. Mimi namwinua nyuma kama mkokoteni, yeye anatembeza miguu ya mbele. Mkojo wake niliupangusa kwa mikono hii. Jirani mmoja alinikuta nimembeba akasema, "Boss, hata mama yako hukumbeba hivyo." Nikacheka, lakini maneno yalibaki, kwa sababu ni kweli.

Wiki ya nne Tomi akaanza kusimama. Anatetemeka, lakini amesimama. Mke wangu akaniambia, "Mzee, usiambie watu bado. Ngoja wiki ziishe."

Ndugu zangu, mimi kungoja sijui. Jumamosi hiyo tulikuwa na wageni, wazee kutoka Sotik waliokuja kwa posa ya binti yetu. Walipomaliza chai nikawatoa nje waone dawa ya Nairobi. Nikafungua kibanda, nikarudi nyuma mpaka pale pikap imesimama, hatua kama ishirini. Nikapiga mluzi.

Akaja. Alikuja mbio, masikio juu, akaruka apande pikap vile alivyozoea. Hakufika. Safari hii alilia. Wale wazee wakatazama viatu vyao.

Hakukosea kitu. Alikuja kwa sababu nilimwita.

Daktari alisema kwa simu kwamba hawezi kupasua tena. Tujaribu mazoezi nyumbani, ama tumpumzishe. Siku tatu Tomi hakula. Siku ya nne nikachimba shimo kando ya parachichi, nikaenda kumtoa. Aliposikia hatua zangu akajivuta kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma inamfuata kama kitu cha mtu mwingine, mpaka mlangoni, akaweka kichwa juu ya gambuti yangu. Nikakaa kwenye mavi ya ndama nikalia. Mimi huyu. Kwa mazishi ya baba yangu sikulia.

Kuna mama mmoja alikuwa anapita na kikapu. Huwa anachuma majani kwangu, watu wake walitoka upande wa Kisii. Yuko hapa, simtaji. Miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza habari ya nyumbani. Akasimama kando ya ua akasema, "Mzee, hilo shimo ni la nani, na huyu bado anapumua?"

Nikamwambia, "Niache, mama."

"Sikuachi. Mama yangu alilala kitandani miaka miwili, upande mmoja wa mwili umekufa. Nilimnyoosha miguu kila asubuhi kabla ya kuja kwako. Leta mafuta ya kukamulia ng'ombe."

Akaingia kibandani bila kungoja ruhusa. Akajipaka mikono, akashika mguu wa Tomi, akakunja, akanyoosha, pole pole. "Sasa wewe," akasema. Nilipoharakisha akanichapa kofi mkononi. "Haya si mashindano."

Asubuhi na jioni, miezi mitano. Shimo nikalifukia. Siku nyingi hakuna kilichobadilika, na hakuna mgeni wa kuonyesha. Kwa mara ya kwanza maishani nilifanya kazi ambayo hakuna mtu alikuwa anaiona.

Leo Tomi anatembea. Anaenda upande upande kama mlevi, na hataruka tena. Anamfuata yule mama mpaka mwisho wa shamba. Lakini mimi nikipiga mluzi, anasimama, ananitazama, halafu analala chini hapo hapo. Nilijaribu mara mbili tu. Siku hizi nikimtaka, naenda mimi mpaka alipo.

Mama, asante. Mke wangu, asante; uliniambia ningoje. Na nyinyi wengine, kama nyumbani kuna mtu anapona, awe ametoka hospitali ama ametoka kwa pombe, msimwite asimame mbele ya wageni kabla ya wakati wake, ili nyinyi msifiwe. Atasimama. Anawapenda, atasimama, na ataumia.

Tomi yuko nje, nyuma ya pikap. Tukitoka nitamshusha kwa mikono, mbele yenu wote. Anayetaka kunisalimia angoje kwanza nimweke chini.