Sauti ya Ukweni

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha gari. Gari lilishakufa likauzwa vipande vipande, kikabaki kiti na springi moja inayomchoma kila mgeni asiyeambiwa akae upande gani. Kipo ubavuni mwa karakana ya kunyoosha bodi za magari, na mwenye karakana ndiye Honi. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mtu akigonga bati kwa nyundo miaka nenda miaka rudi, masikio huziba nusu, naye hudhani dunia nzima imeziba kama yeye. Basi Honi akikusalimia wewe, mtu wa mtaa wa pili ndiye anayeitikia. Mchana ule alikuwa amesimama mbele ya kijiwe, simu mpya mkononi, jasho linamchuruzika, anamfokea mwanamke asiyekuwepo.

— NI MIMI, NA SAUTI NI YANGU!

Simu ikafikiri kidogo. Halafu yule dada wa kwenye simu, mpole kama siku zote, akajibu:

— Samahani. Sauti hii haifanani na ya mteja. Umebakiwa na jaribio moja.

Honi akainua mkono aitandike simu chini. Bi Birika, muuza kahawa, akamdaka kiwiko.

— Na hii nayo uiue? Ya kwanza hata matanga hatujaanua!

Ya kwanza ilikufa kifo cha aibu. Honi aliitia kwenye mfuko wa mlango wa gari la mteja, akasahau, akaushika mlango akaunyoosha. Mlango ulinyooka ukapendeza, na simu ikanyooka nao, pamoja na kadi yake na namba za watu wote. Kampuni ya simu ikampa kadi mpya, ikamwambia namba yake ya zamani itafunguliwa akithibitisha kuwa ni yeye. Siku hizi hawataki sura wala kitambulisho, wanasema wezi wamevighushi mpaka basi. Wanataka sauti. Unasema sentensi ileile uliyoisema siku ya kujisajili, mtambo unalinganisha, laini inafunguka. Asubuhi alikwenda ofisini kwao kulalamika, na binti wa dirishani akamtazama kwa huruma kabisa.

— Mimi nakufahamu, baba. Gari la mjomba wangu umelinyoosha wewe. Tatizo ni mfumo, ndio usiokufahamu.

Siku nyingine Honi angecheka. Lakini leo alasiri mkewe angepiga simu. Alikuwa amefungasha akarudi kwao, na neno aliloliacha mlangoni lilikuwa moja tu, kwamba amechoka kufokewa. Honi alishangaa kwa dhati, maana kwa akili yake hajamfokea mtu tangu azaliwe, ndivyo anavyoongea. Jana shemeji yake alipita na safari zake akamwachia ujumbe wa baba mkwe: binti atakupigia kesho alasiri yeye mwenyewe, usipopokea tutaelewa umemkataa, na habari ya kurudi isitajwe tena. Kumpigia yeye hakuweza, maana simu ilikufa shemeji akiwa ameshaondoka. Namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa, aliihifadhi kwa jina la "Nyumbani", akitaka anabonyeza hapo. Na tangu aondoke, nyumba imekuwa kubwa kiasi kwamba Honi akikohoa anajishtua mwenyewe. Alimtaka mke wake arudi, basi.

— Sauti yako imeibiwa, alisema Wembe, kinyozi wa pale jirani, aliyekuja na kitana mkononi huku mteja wake akisubiri kitini na nusu kichwa. — Kuna mtu huko anaitumia. Wewe ukiipeleka, mtambo unasema, ah, mwenyewe tumeongea naye sasa hivi.

— Nani aibe sauti ile? aliuliza Bi Birika. — Mwizi huiba kitu cha kumfaa.

— Haba na haba hujaza kibaba! Leo wanachota "haloo" moja, kesho "haloo" nyingine, mwisho wamekukomba mpaka kikohozi.

— Sauti haiibiwi, alisema Dakika, fundi saa, akiwa na lenzi yake kwenye paji la uso. Lenzi ile huwa haivui, maana ndiyo inayomfanya asikilizwe. — Kila binadamu ana alama kooni, kama zile za vidoleni. Mtambo unasoma hizo. Sasa niambieni, mtu anayemimina kahawa ya moto kooni kutwa mara tano, alama zinabaki? Zimeyeyuka! Koo la Honi saa hizi ni kama sahani iliyooshwa.

— Ebo! Kahawa yangu ndiyo imemfuta mtu jina lake?

— Bi Birika, nazungumza kisayansi.

— Kainywe hiyo sayansi. Rudisha kikombe.

Dakika akakikumbatia kikombe. Hapo ndipo Afande alipokohoa, na Afande akikohoa watu husogea. Maisha yake yote alilinda ghala la magunia, na mpaka leo huongea kana kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta.

— Mnaongea ya juu juu, alisema. — Sauti za nchi nzima zimewekwa ghalani. Rafu kwa rafu. Mimi ghala nalijua. Ya Honi imeingiwa na panya.

— Panya anakula sauti?

— Kala magunia, atashindwa na sauti? Wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

— Hiyo methali imeingiaje hapa, Afande?

— Mtambo una sikio, hauna? Unamsikia Honi? Haumsikii. Basi sikio limekufa. Unataka methali ya namna gani, ya kuchongewa? Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wanatupima. Mwakani inakuja kodi ya sauti. Wanong'onaji watasamehewa. Watu kama huyu watalipia kwa kilo.

— Na wakoromaji? aliuliza Wembe, akiwa ameanza kuingiwa na hofu.

— Wakoromaji ni usiku. Usiku bei ni mara mbili.

— JAMANI! Honi akapasuka, na njiwa wa juu ya bati wakaruka wote. — MKE WANGU ATAPIGA SAA YOYOTE, NINYI MNANIHESABIA PANYA!

Bi Birika akafunika birika lake, akamtazama Honi kama anavyotazamwa mtoto anayeumwa na hataki kusema wapi.

— Hata mimi ningekuwa yule dada wa kwenye simu nisingefungua, alisema. — Mtu akusimamie mlangoni akufokee "ni mimi", wewe utafungua? Utatia komeo la pili. Hebu niambie, siku ya kujisajili ulikuwa wapi?

Honi akafikiri. Akajikuna shingoni kwa mkono wenye rangi ya gari.

— Ukweni, alisema.

— Ukweni wapi?

— Ukweni kwangu! Sebuleni. Mke wangu ndiye aliyenisajili, mimi hayo mambo siyajui. Akaniwekea simu mdomoni, akaniambia sema. Baba mkwe yupo hapa anasikiliza taarifa ya habari, mama mkwe yupo hapa anachambua mboga. Nikasema.

— Ulisemaje?

— Nilisema kama mtu anavyosema ukweni!

Akakumbuka pia kwamba mkewe aliziba mdomo akacheka mpaka machozi. Siku ile alidhani anaichekea simu.

Kijiwe kizima kikatikisa kichwa, maana hapo hapakuhitaji maelezo. Ukweni mtu hali akashiba, hacheki akaonyesha meno yote, wala haongei kwa sauti aliyozaliwa nayo. Unaikunja sauti yako unaiacha nje pamoja na viatu.

— Umekwisha, alisema Dakika polepole. — Mtambo unamjua mkwe. Fundi wa bodi haumjui hata kwa mbali.

— Basi tumlete mkwe! alisema Bi Birika. — Afande, kaa vizuri, wewe ni baba. Mimi ni mama. Wembe, wewe ni shemeji mbaya yule asiyecheka. Haya, Honi, ingia ndani.

Afande akajinyoosha kitini kama aliyeoza mabinti kumi. Honi akavua kofia.

— SHIKAMOO BABA!

— Mkwe gani huyu? alisema Afande. — Ndoa naivunja.

— Taratibu! alisema Bi Birika. — Ongea kama umevunja kikombe cha watu na hawajajua.

— Shikamoo baba!

— Hapo umevunja kikombe lakini unatuambia sisi ndio tuliokiweka vibaya. Tena. Na usisimame kama unadai kitu, kaa.

Honi akakaa. Kwa haraka alikalia upande wa springi, ikamchoma barabara. Mdomo ukafunguka apige yowe, halafu akakumbuka yuko ukweni, na ukweni hata kiti kikikuchoma husemi. Akabana magoti, akaweka kofia mapajani, akavuta pumzi.

— Shikamoo, baba.

Wembe akasahau kuwa shemeji mbaya, mdomo wazi. Katika miaka yote ya kijiwe hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa ndogo, ina adabu, inapita na kubisha hodi kwa kila neno.

— Marahaba, mwanangu, alisema Afande, na mchezo ulikuwa umemkolea. — Karibu sana. Binti yetu hajambo huko?

Honi akaigeuza kofia mapajani.

— Hajambo, baba, alisema, na sauti ikazidi kupungua bila kuombwa. — Yupo. Hajambo.

Dakika akashusha lenzi akaanza kuifuta. Bi Birika naye alikuwa na kitu jichoni, lakini akili yake haikuondoka.

— Sasa! Hivyohivyo, kabla haijaisha!

Akabonyeza, akamwekea simu mdomoni.

— Ni mimi, na sauti ni yangu, alisema Honi.

Simu ikafikiri. Safari hii ilifikiri sana, mpaka Afande akaanza kuomba dua kimyakimya.

— Asante. Sauti yako imetambuliwa. Laini yako imefunguliwa.

Kelele zilizopigwa pale zingetosha kulipiwa kodi ya mwaka mzima. Wembe alirusha kitana. Dakika alimkumbatia Bi Birika, akasukumwa. Katikati ya vurugu hizo akafika mteja, dada mmoja aliyeegesha gari lenye bampa lililobonyea. Akauliza kulikoni, Wembe akamsimulia yote kwa pumzi moja, mke, mlango, simu, ukweni. Dada akasema pole, akasimama pembeni kusubiri fundi atulie.

Simu ikaita.

Honi, kwa ajili ya masikio yake, huweka simu kwenye spika, kwa hiyo kijiwe kizima kilisikia.

— Haloo?

Ni yeye. Honi alikuwa bado amekalia ile springi, kofia mapajani. Akajibu kwa sauti ileile.

— Haloo, mke wangu. Habari za huko?

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

— Nani mwenzangu?

— Ni mimi.

— Mimi nani? Mwenye simu yuko wapi?

— Ndiye mimi. Mumeo.

— Kaka, tafadhali, nimekuheshimu. Sauti ya mume wangu naijua. Mpe simu mwenyewe.

— Mwenyewe ndio mimi, mke wangu, nakuapia…

Ikakatika.

— Lahaula, alisema Dakika. — Mtambo huu wa pili ni mkali kuliko wa kwanza.

— Atapiga tena, alisema Afande. — Lazima. Akipiga, mfokee.

— Nini?

— Mfokee! Kidogo tu, akutambue. Mkataa kwao ni mtumwa. Sauti yako ndiyo kwenu, rudi.

— Mwite kama siku ile chakula kilipochelewa, alisema Wembe. — Hata mimi nilikusikia kule saluni kwangu. Hapo hatouliza wewe nani.

Honi akamgeukia Bi Birika, akitegemea atawakemea. Bi Birika akakunjakunja ncha ya mtandio wake.

— Wee mfokee tu, baba. Akishajua ni wewe, utamwomba radhi.

Honi akasimama. Akavaa kofia yake. Akajaza kifua hewa, kile kifua kinachoruhusu njiwa kukaa juu ya bati au kuwafukuza, na watu waliokuwa karibu wakaanza kuziba masikio. Yule dada wa bampa akainua mkono kidogo, kama mtu anayeomba kupita.

— Samahani jamani, mimi mgeni hapa. Akimfokea, atamtambua. Hilo nimeelewa. Sasa akishamtambua, atarudi?

Wembe akakumbuka kuwa ana mteja mwenye nusu kichwa, lakini hakwenda. Dakika akatoa saa mfukoni akaichunguza, na saa yenyewe haikuwa mbovu. Afande alifungua mdomo atoe methali, akaipekua ghalani mwake kote, akaufunga. Honi alikuwa bado na ile hewa kifuani. Akaitoa kidogokidogo puani, mpaka ikaisha yote, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa kitu ambacho wenzake walikijua zamani.

Simu ikaita tena.

Honi akazima spika. Akaisogelea simu kwa sikio lake lenye nafuu, akapokea, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, akanyamaza ili mkewe aanze.