Lukumani Anatembea Kabla ya Kisu

Kijiwe chetu kiko Ng'ambo, nje ya kibanda cha Majidi fundi baiskeli, na saa moja asubuhi kahawa huwa tayari. Asubuhi hiyo Lukumani, fundi cherehani tuliyekaa naye hapo miaka ishirini, alitupita mbio mbio na raba mpya, akatupungia mkono bila kusimama. Wiki tatu nyuma, huko Mwanza, alikutwa na saratani ya tezi dume. Akapangiwa upasuaji baada ya wiki sita, na daktari akamwambia wiki hizo zote atembee kila siku mpaka jasho limtoke.

— Mgonjwa analala, hakimbizwi, akasema Sabiri, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimi.

— Wanataka apungue tumbo, kisu kisisafiri mbali, akajibu Uwesu. Huyu aliwahi kuwa karani wa tumbaku Urambo, basi kijiweni jina lake Profesa.

— Wapi. Chumba cha upasuaji kimejaa, wanamzungusha tu.

— Redio, wapagazi wa zamani walitoka hapa hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Ulisikia mmoja ana tezi dume?

— Hawakufikisha umri huo, nikasema.

— Hapana, akasema Profesa. Ugonjwa nao unachoka. Ukiutembeza sana, unalala.

Majidi akaweka spana chini.

— Mwenyewe kanieleza. Anauandaa mwili, moyo na mapafu, ili baada ya kupasuliwa ainuke mapema. Na kuna zoezi la kubana, kama unazuia mkojo.

— Hilo mimi nalifanya hapa hapa nimekaa, akasema Profesa. Hamjui tu.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Tunu, binti wa Lukumani, na chupa ya maji.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba kasahau maji. Leo anatembea na nani?

Profesa akawa anatazama ndani ya kikombe.

— Jana aliishia njia panda akarudi, Tunu akasema taratibu. Anasema miguu haina shida. Ila akiwa peke yake barabarani, anaanza kufikiria tutabaki na nani.

Redio akaipokea ile chupa, akapandisha kanzu mpaka magotini.

— Kashika njia gani?

— Ya Kwihara.

— Na goti langu hili, akalalamika Profesa, lakini alikuwa ameshatangulia.