Kinanda cha Thurman na Kibao Kilichokufa

Mchungaji, wafiwa wenzangu, na wewe uliyekuja na kamera, nimesimama mimi Ernestine, dada mkubwa wa marehemu, shule niliishia darasa la tano, basi mnivumilie.

Thurman Gaddis alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Yazoo, Mississippi, mtoto wa sita kwa mama yetu, akaletwa hapa Muncie, Indiana, mwaka 1949, akasoma hadi 1958, wala hakuwa wa kwanza darasani, tusidanganyane. Mwaka 1959 aliajiriwa kiwanda cha gia, zamu ya pili, na tarehe 6 Juni 1964 akamwoa Verlene, wakajaliwa mabinti wawili, Denita na Joyce.

Wanaume wanne wa zamu hiyo, Thurman akiwa mpiga kinanda wao, waliunda bendi, wakaiita Zamu ya Pili, na Aprili 1969 wakarekodi santuri yao moja tu humu humu kanisani, asubuhi mchungaji wa wakati ule alipokwenda kuwatazama wagonjwa, maana kinanda kingine hawakuwa nacho, na majina hawakuyaandika, kwa kuwa mashemasi wangewakalisha benchi la nyuma mwaka mzima kwa kupigia dansi kinanda cha Bwana. Mjini hapa haikupata mnunuzi, lakini sasa vijana wa Ujapani na Ujerumani wanaitafuta kama dawa, na pasipo jina hakosekani wa kujiandika: Bwana Clifton Rusk, aliyekuwa akiwabebea spika, ameliambia gazeti la ng'ambo kwamba mpiga kinanda alikuwa yeye.

Thurman aliugua figo tangu Novemba, akafariki tarehe 3 Februari 2011. Kitandani nilimuuliza mbona hamkanushi mtu huyu, akanijibu, "Dada, mwache, anayekijua kinanda atajulikana." Nikamwambia hiyo ni hekima ya mvivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuku na maharagwe, na wenzake wa kiwandani.

Sasa, kinanda hiki kina kibao kimoja kilichokufa tangu 1967, ukikibonyeza ni kimya, Thurman alikikwepa katika kila wimbo, Jumapili na kwenye santuri, na huko kukwepa ndiko wageni wanakokuita kipaji. Ni kipi, sisemi, na fundi hatujamwita. Bwana Rusk, nakuona safu ya tatu na mwandishi wako, wimbo wa kufunga ni wako, kiti cha kinanda ki wazi.

Nawe mdogo wangu, pumzika kwa amani, kusikiliza niachie mimi.