Athanasi Ngarambe, Aliyekunywa Chai Amesimama (1974–2025)

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mjomba Athanasi alivaa viatu vyake vya kazi, vile vizito vyenye chuma mbele, akafunga kamba akakaza. Kisha akanywa chai amesimama dirishani, anaangalia barabara. Hata Jumapili. Hata miezi hii ya mwisho, ambapo hakuwa na kazi ya kwenda. Mke wake Béatrice alimwambia, "Baba Zenoni, kaa unywe kama watu." Naye alijibu, "Nikikaa nitasahau nilikuwa naenda wapi."

Marehemu Athanasi Ngarambe alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 huko Mabanda, mkoa wa Makamba, nchini Burundi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Protasi, na mama yangu ndiye aliyemfuata. Mimi ninayesoma naitwa Kanyana. Mjomba alinipokea hapa Buffalo, Amerika, mwaka 2023, na tangu siku hiyo nilikuwa mtoto wa nyumbani kwake.

Alisoma shule ya msingi hapo Mabanda hadi darasa la sita. Mama alitusimulia kwamba hakuweza kutulia kwenye benchi. Basi mwalimu akachoka kumchapa, akampa kazi ya kugonga kengele ya shule, ili apate sababu ya kutoka nje. Anasema kengele ya Mabanda haikuwahi kuchelewa wakati wa Athanasi. Mara nyingine iliwahi kupita kiasi, na watoto wakaenda nyumbani mapema.

Vita vilimtoa Burundi mwaka 1996, akafika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Huko hakukuwa na ruhusa ya kutoka kutafuta kazi. Watu walingoja mgao wa unga na maharage. Mjomba alifyatua matofali hata pale ambapo hakuna aliyeyataka, na siku moja mchungaji akaona matofali ni mengi, akaamua wajenge kanisa. Ni katika kanisa hilo alipofunga ndoa na Béatrice, tarehe 20 Oktoba 2001. Wakabarikiwa watoto wawili, Zenoni na Ange. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, walihamishiwa Nyarugusu.

Jambo moja la kambini lazima nilisome hapa, kwa sababu alikuja nalo mpaka Amerika. Kambini kulikuwa na siku za kuhesabiwa. Familia nzima ilipanga mstari juani, hata vikongwe, hata watoto wachanga, na asiyeonekana alifutwa kwenye kadi ya mgao. Mwaka mmoja Mjomba aliugua malaria siku hiyo. Watu wakamwambia, lala, tutakusemea. Walimsemea, na wakamfuta vilevile. Nyumba ikala kwa majirani mpaka hesabu nyingine. Tangu hapo hakuamini tena kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kama hayupo.

Familia ilipokelewa Louisville, Kentucky, mwezi wa Aprili 2016. Mjomba alipata kazi ya kugonga misumari kwenye zile fremu za mbao za kupangia mizigo. Aliipenda sana. Jirani yao alikuwa Marcellin, Mkongomani wa Bukavu, ambaye yuko nasi hapa leo. Kiwanda cha Marcellin kilipowapunguza watu, akaanza kupokea pesa za walioachishwa kazi, na Mjomba alimsema mbele ya watu kwenye sherehe ya ubatizo.

"Mwanaume ana mikono miwili, analipwa kwa kukaa? Huo si mgao huo? Tumevuka bahari kuja kula mgao?"

Marcellin hakukasirika. Alisema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Bon, Athanasi. Siku yako itafika. Siku hiyo njo nitakuletea kiti."

Mwaka 2019 walihamia Columbus, Ohio, wakapanga nyumba upande wa kaskazini, ng'ambo kidogo ya mtaa wa Clintonville. Mjomba alifanya kazi kwenye ghala usiku, na mchana alifagia kanisa bila kuombwa. Huko ndiko daktari alikomwambia kwanza kwamba ana presha. Alipewa dawa na akaambiwa apumzike. Dawa alimeza. Mwaka 2022 walikuja Buffalo kwa sababu shemeji yake Jovini, kaka wa Béatrice, alikuwa hapa. Akaingia ghala moja Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege.

Mwezi wa Septemba 2024 ghala hilo likafungwa. Mjomba alirudi na chakula chake cha mchana hakijaguswa. Alichukua simu akampigia Marcellin kule Louisville, na neno la kwanza alilosema ni, "Lete kile kiti." Tulimsikia Marcellin akicheka mpaka akakohoa. Kisha Marcellin akamweleza kila kitu taratibu, ofisi ya kuanzia, maneno ya kusema. Kumbe ndiye aliyemsaidia kuliko sisi wote.

Lakini aibu ilimkaa. Alianza kwenda ibada na kutoka kabla ya salamu. Na Jovini hakumwachia. Namsema hapa kwa ruhusa yake mwenyewe. Jumapili moja mezani alisema, "Shemeji, habari ya kulala? Mimi naamka saa kumi alfajiri, kodi yangu inakununulia godoro." Béatrice akamwambia kaka yake, "Jovini, kula unyamaze." Mjomba aliacha sahani, akatoka nje kufagia ngazi zilizokwisha kufagiwa.

Halafu ikaja barua kwamba ili aendelee kulipwa ni lazima afike ofisi ya kazi, na baada ya hapo ahudhurie darasa la kutafuta kazi kila Jumanne. Neno hilo lazima, Mjomba alilielewa kwa namna yake. Asubuhi ya siku ya kufika ofisini alituamsha wote, akatuambia tuvae nguo za kanisani. Béatrice, Zenoni ambaye hakwenda kazini siku hiyo, Ange ambaye alikosa shule, na mimi. Tukapanda basi, tukaingia ofisini tukapanga mstari ukutani kwa urefu. Ange alifunika uso, akasema kwa Kiingereza kwamba anataka kufa.

Mwalimu wa darasa, mama mmoja Mmarekani, alitutazama mmoja mmoja. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Mwalimu akauliza, "Hawa wote wanatafuta kazi?"

Mjomba akajibu, "Hapana. Hawa wote wanakula."

Tukamsikia mkalimani anacheka kabla ya kutafsiri. Mwalimu naye akacheka, akaenda kutafuta viti. Tulikaa wote isipokuwa Mjomba. Ndipo yule mama akamweleza kwamba pesa hizi si sadaka. Alisema ni bima, waajiri wanaichangia kwa ajili ya watu wanaofanya kazi, na asiyewahi kufanya kazi haipati. Mjomba alimwambia mkalimani arudie. Akarudia. Jumapili iliyofuata alibaki mpaka mwisho wa salamu, na alipomwona Jovini alisema, "Shemeji, anayenilipa ni Athanasi wa Cheektowaga. Nenda ukamdai yeye godoro." Jovini alicheka. Wiki ya pili akarudia maneno yake yaleyale, ndivyo alivyo, lakini hayakumfukuza tena Mjomba mezani.

Darasa lile Mjomba alilishika kama kazi. Alikwenda na viatu vyenye chuma. Siku moja walimuuliza alifanya nini kati ya mwaka 1996 na 2016, maana kwenye fomu ya historia yake ya kazi hapo palikuwa wazi. Alisema, "Nilisubiri." Mwalimu akamwambia aeleze zaidi, ndipo yakatoka matofali, na kanisa, na visima alivyochimba. Alirudi nyumbani akatusimulia huku anatembea kutoka jikoni mpaka mlangoni. "Yule mama ameandika matofali yangu kwa Kiingereza!" Ila kazi yenyewe haikuja. Alikwenda kuomba kwa miguu, mlango kwa mlango, mpaka mji jirani wa Lackawanna. Huko walimwambia aombe kwenye kompyuta, naye akauliza kompyuta itamwonaje mikono.

Mwezi wa Desemba miguu yake ilianza kuvimba, na kupanda ngazi kukawa shida. Daktari alisema ni moyo, umechoka, alale. Béatrice alimwomba akose darasa Jumanne moja tu. Zenoni akamwambia, "Baba, hapa si kambini. Unapiga simu, wanakupangia siku nyingine." Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilisemewa mara moja."

Hakukosa hata Jumanne moja. Tarehe 4 Februari 2025 alianguka kituo cha basi akiwa njiani kwenda darasani. Dereva alisimamisha basi akaita gari la wagonjwa, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Tunamshukuru, popote alipo. Mjomba alifariki hospitalini kabla ya saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Usiku wa matanga yule mwalimu alikuja nyumbani. Alilia. Alisema, Ange akitafsiri, "Angepiga simu tu. Hakujua?" Béatrice akamwambia, "Alijua, mama. Hakuamini." Wakashikana mikono muda mrefu bila mkalimani.

Marehemu ameacha mke wake Béatrice, watoto wake Zenoni na Ange, dada yake, yaani mama yangu, aliyeko Nyarugusu anayetusikiliza kwa simu, mimi Kanyana, shemeji yake Jovini ambaye ameomba abebe jeneza upande wa mbele, na rafiki yake Marcellin aliyeendesha gari kutoka Louisville kwenye theluji. Tunamwomba Mungu ampokee huko bila kumpanga mstari, na amwambie akae.

Wengi mmeuliza alitokaje asubuhi ile. Nilikuwa jikoni, niliona. Theluji ilikuwa imefika kwenye kioo cha chini cha mlango. Béatrice alisimama mbele yake akasema, "Leo usiende. Kanyana atapiga simu sasa hivi, anajua Kiingereza cha kutosha." Nilikuwa nimeshika simu tayari. Mjomba aliinama kufunga kamba, na hakuweza kufika kwenye viatu kwa sababu ya pumzi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alivuta kiti akakaa wakati wa chai. Nilimfungia mimi. Tukadhani labda amekubali. Akanywa chai kidogo hivyo hivyo, amekaa, akatazama barabara.

Kisha akainuka, akakirudisha kiti chini ya meza. Akasema, "Kikombe msikioshe, nakuja kumalizia." Akavuta mlango, akatoka.