Siku Nilifunga Pazia

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na mtu muoga kama mimi! Naitwa Mwende, niko kidato cha tatu. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Leo nasoma kutoka kwa daftari yangu ya siri, kwa sababu nikiinua macho niwaone nitanyamaza.

Kabla tuhamie Kitengela tulikuwa tunaishi kwa ploti Kiserian. Milango kumi, mfereji mmoja, kamba moja ya kuanika nguo. Ukichapwa na mama, jirani anakuja kuuliza ulifanya nini. Nilichukia hayo maisha! Nikitumwa maji nilingoja mpaka mfereji ubaki bila watu, ndiyo nisisalimie mtu.

Kwa hivyo Mama alipopata nyumba huku kwa esteti, yenye ukuta mrefu na askari getini, nilimshukuru Mungu kwa ukuta. Ndiyo, ndugu zangu, kwa ukuta! Kila nyumba iko na geti yake nyeusi na kengele ya stima. Hakuna anayejua jina la mwenzake. Watu wanaitana kwa namba za nyumba. Mama alituambia mimi na ndugu yangu mdogo Kyalo, "Hapa si ploti. Hapa watu hawaingiliani." Kyalo ana miaka mitano, alilia. Mimi nilifurahi.

Katikati ya esteti kuna uwanja wa wote, umezungushiwa waya. Chini yake kuna tangi ya maji ya esteti nzima, ile boza, lori ya maji, inajaza. Hapo ndipo Koko alikuwa anakaa. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na huyu ni mama ya mwenye nyumba namba tisa. Alikuwa anakuja na mbuzi wake wawili, anakaa kwa nyasi siku nzima, na watoto wote wanamzunguka. Akinipata njiani ananyoosha mkono aguse kichwa changu. Wamaasai wanasalimia watoto hivyo, lakini mimi sikujua. Nilidhani anataka kushika nywele zangu. Nilihepa. Akacheka, "Huyu anakimbia kama swara!" Watoto wakaanza kuniita Swara.

Nilikasirika. Nikapiga mbuzi wake picha kupitia dirishani, wakila maua ya esteti, nikampa Mama. Mama akaiweka kwa grupu ya WhatsApp ya esteti. Jioni hiyo hiyo namba mbili, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akaandika kwamba uwanja utafungwa mpaka kamati ikae. Kufuli ikawekwa. Watoto wakarudi ndani. Koko akawa anakaa nje ya waya na mbuzi wake, peke yake. Mimi nilimwona kila siku, na sikusema kitu.

Sasa sikieni ile Jumamosi. Mama alikuwa kazini, stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Niliachiwa Kyalo. Nilikuwa kitandani naandika kwa hii daftari, nikamwambia acheze kwa veranda. Mara nikasikia geti inapigwa na fimbo. Paa! Paa! Nikachungulia. Ni Koko! Anapiga kelele kwa Kimaasai, ananyoosha mkono kule uwanjani.

Niliwaza moja kwa moja: amejua ni mimi nilipiga ile picha. Amekuja kunigombeza.

Ndugu zangu, nilifunga pazia. Nilikaa chini nyuma ya kiti nikangoja aende. Mama, niwie radhi, hii sijawahi kukuambia. Alipiga ile geti, akapiga, akapiga! Akaanza kusema Kiswahili, "Toto! Toto maji!" Hata hapo nilidhani anaomba maji ya mtoto. Halafu nikaangalia veranda. Ndala moja ya Kyalo ilikuwa hapo. Kyalo hakuwa hapo.

Sijui nilifungua geti namna gani. Koko alinishika mkono tukakimbia. Kyalo alikuwa amepita chini ya geti yetu, halafu chini ya waya, kwa sababu alikuwa amekosa kucheza wiki tatu. Watu wa boza walikuwa wamejaza maji kidogo asubuhi, wakaacha kifuniko cha tangi kando. Na kwa uwanja hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia mtoto, toka hapo! Tulikuwa tumewafungia nje wote. Ni Koko tu, huko nje ya waya, ndiye alimwona akiingia kwa lile shimo.

Nilikimbilia geti ya kwanza nikabonyeza kengele. Hakuna stima! Ya pili, hakuna! Watu wako ndani, nasikia redio zao za betri, na siwezi kuwafikia. Koko akaniambia, "Piga kelele!" Nikafungua mdomo. Hakuna kitu kilitoka. Ni yeye alizunguka akigonga zile geti zote na fimbo, mpaka watu wakatoka wamekasirika, mwenyekiti mbele.

"Mama, tulisema nini kuhusu fujo?" akamuuliza Koko.

"Mtoto iko kwa tangi," Koko akasema.

Uso wa mwenyekiti ulibadilika. Hakukuwa na wakati wa kutafuta ufunguo, kufuli ilivunjwa na jeki ya gari. Tuliinama kwa lile shimo. Ni dogo, ni giza, na kimya. Hatukusikia kitu. Mzee mmoja akasema polepole, "Huyo ameenda." Nilisikia hayo maneno kwa masikio yangu.

Koko akamgeukia. "Wewe nyamaza!" Halafu akanishika mabega. "Ni ndugu yako. Mwite."

Nikamwambia Mungu kwa roho, nipe sauti leo tu, hata usinipe tena. Na nikaita, "Kyalo! Ni Mwende!"

Halafu, kutoka chini kabisa, kasauti kadogo: "Mwende, nimeshika paipu. Nimechoka."

Haleluya! Watu walipiga nduru. Lakini ngazi haikupita kwa lile shimo, na hakuna mwanaume pale angetoshea. Koko akavua shuka yake moja, akaitisha nguo za kila mtu, akazifunga pamoja kwa mafundo ambayo huko kwao walikuwa wanatumia kwa kisima cha baba yake. Mama wa namba kumi na mbili, ambaye sikuwahi kumwona nje ya gari, akavua viatu. "Mimi ni mwembamba," akasema. Akafungwa chini ya kwapa, akashuka. Tukasikia maji. Tukasikia, "Nimempata!"

Sasa kuvuta. Kila mtu alikuwa anavuta wakati wake, nguo ikateleza, na mama akagonga ukuta huko chini. Koko akapiga fimbo chini.

"Simameni! Kisimani mtu anaitwa jina, ndiyo avute. Wewe ni nani?"

"Mimi ni namba sita."

"Sita ni mlango! Jina!"

"Njoroge."

"Wewe?"

Mwenyekiti akasogea mbele. "Otieno."

Watu waliambiana majina hapo hapo, jua la saa nane kichwani, wameshika suruali na mashuka ya wengine! Na Koko akaanza kama anaimba. "Njoroge! Otieno! Mwende! Vuta!" Mikono yetu ikawa mkono mmoja. Kyalo alitoka wa kwanza, wa buluu, anatetemeka, akatapika maji kwa viatu vya mwenyekiti. Otieno alimkumbatia hivyo hivyo na matapishi, akalia kama mtoto. Yule mama naye tukamvuta, akatoka salama.

Bado nashtuka nikiandika. Huyu mama nilimfungia uwanja, halafu nikamfungia pazia, na ndiye Mungu alimweka pale kwa waya kuangalia ndugu yangu!

Wiki iliyofuata nilienda namba tisa. Nilikaa nje ya geti karibu nirudi. Nikamwambia Koko yote, ya picha na ya pazia. Nikajua sasa nitafukuzwa. Akasema, "Hiyo picha, mbuzi zangu zilitoka vizuri?"

Nikamwambia zilitoka vizuri.

"Basi nitolee moja, niweke kwa ukuta."

Halafu akafuta macho na ncha ya shuka. "Lakini ya pazia," akasema, "usirudie tena. Mimi ni mzee. Mkono iliuma."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno lilinivunja. Nilipiga magoti hapo kwa saruji nikampa Yesu woga wangu wote. Si eti nimekuwa mtu wa maneno mengi. Lakini aliyenipa sauti kwa lile shimo hajaichukua. Asante Yesu! Kyalo yuko pale kwa benchi ya pili, mzima, anakula mkate wa mtu.

Na wewe unayejificha kama mimi, kwa ukuta, kwa simu, kwa daftari, mwamini Yeye. Anaweza kukutoa. Mama, najua tutaongea nyumbani kuhusu pazia. Niko tayari.