Vifungo Sita vya Bi Sindano

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Anayefua afunge bomba kidogo. Anayekata vitunguu aendelee, machozi leo yana kazi. Tunamkumbuka Bi Sindano, aliyetutoka wiki sita zilizopita. Alikuwa fundi wa makochi, na alikuwa rafiki yangu. Mawili hayo yashikeni.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani meza ya kukatia, cherehani ya miguu, na sindano zilizopinda zimechomekwa kwenye kipande cha godoro. Misumari yake midogo aliishika mdomoni. Ikiwa mdomoni, haongei. Ikitoka, hanyamazi. Mteja mmoja alilalamika kochi limebonyea. Akamjibu, "Kochi halina kosa, baba. Wewe ndiye umenenepa."

Mwaka jana akaugua saratani ya damu. Dawa zake zikashusha kinga ya mwili. Kinga ilishuka, wasikilizaji wapendwa, ikashuka sana. Daktari akamwambia avae barakoa, asikae penye vumbi, asifungue kochi kuukuu. Kwa nini? Penye unyevu huota kuvu, na kuvu hurusha vumbi lisiloonekana kwa macho. Mimi na wewe tunalivuta kila siku, mwili unalifagia. Mwili wake haukuwa na fagio.

Ndipo mkaza mwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, akashika karakana. Akamshika na mgonjwa. Mimi niliyemjua miaka arobaini nikawa mtu wa kusimama mlangoni, naulizwa, "Bibi, umenawa mikono?" Ninawe mikono! Mikono hii hii ndiyo iliyompokea huyo mumeo siku anazaliwa!

Na Bi Sindano naye, kila nikienda, anamsifu mkaza mwana: "Mwanangu huyu ana mkono. Hebu tazama mshono wake." Mwanangu hivi, mwanangu vile. Wivu ukanila kama mchwa anavyokula mlango: nje mzima, ndani unga.

Nilikuwa na kiti changu cha mgongo wa vifungo. Alinishonea yeye, nilipoolewa. Kilikuwa stoo, paa linavujia hapo. Nikakipeleka karakana. Mkaza mwana akasema, "Kiache, bibi, nitakishughulikia." Nikamwambia hapana. Nikaenda kwa mwenyewe, kitandani. Nayarudia maneno yangu kama nilivyoyasema:

"Mwenzangu, wateja wanasema umepitwa. Kiti changu sitaki mkono wa mtoto. Nataka mkono wako."

Akacheka. "Mtu mzima una wivu wewe!" Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Niliona anavyovitazama vidole vyake.

Siku ya pili yake, mchana, mkaza mwana alikwenda kununua kitambaa. Bi Sindano akaingia karakana. Akakichana kiti changu, akaitoa pamba kuukuu yenye madoa meusi, akajaza mpya. Barakoa alikuwa ameivua. Misumari ataishika wapi, na mdomo umefungwa? Vifungo vilitakiwa kumi na viwili. Alipofika cha sita, mlango ukalia.

"Mama! Si umekatazwa?"

"Nyamaza, nishikie uzi."

Alipewa kitanda, si uzi. Haikupita wiki mbili, homa ikaja. Dawa za kawaida hazikuishusha. Akakohoa damu. Wakampiga picha ya kifua, wakachukua vipimo. Kuvu ilikuwa imeota ndani ya mapafu. Ni ugonjwa wa nadra, na hauambukizi mtu kwa mtu, lakini kinga ikiwa chini haukawii kuua. Walimtundikia dawa ya kuvu wiki tatu. Haikumwinua tena.

Nilimfuata daktari koridoni. "Ni kiti changu?"

"Bibi, siwezi kujua. Vumbi hilo liko kila mahali."

Alinihurumia. Lakini kiti hakikwenda karakana kwa miguu yake minne. Nilikipeleka mimi.

Baada ya mazishi nikamwambia mkaza mwana yote. Alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa, mmoja mmoja, akaipanga mezani.

"Bibi, nilijua. Mama aliniambia. Alisema, 'Usimgombeze yule. Alitaka tu nimchague yeye.'"

Kisha akairudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi. Hakuniambia amenisamehe. Sikumwuliza.

Juzi akaniletea kiti. Mbao amezisugua, kitambaa kimenyooka. "Vifungo sita ni vya mama, sikuvigusa. Sita ni vyangu."

Tunampa pole mkaza mwana huyo, na mumewe, na wateja wote wanaokalia kazi ya mikono ya Bi Sindano. Pole ya kupewa mimi iwe ya mwisho, ndivyo ninavyostahili. Na wewe unayenisikiliza, kama una mgonjwa wa kinga hafifu, ukiambiwa nawa, nawa. Ukiambiwa simama mlangoni, simama. Kabla hujamwomba kitu, uliza amekatazwa nini. Upendo unaodai kuonyeshwa, uupime kwanza.

Kiti kiko hapa studio, nimekikalia. Tangu jana navipapasa vifungo vyote kumi na viwili, natafuta mkono wa mama umekomea wapi na wa mtoto umeanzia wapi. Sipaoni. Na wivu, wasikilizaji wapendwa, bado ninao.