Mwalimu Kofia na Herufi Zake Kubwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya jioni ya watu wazima, Mwalimu Kofia anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, ingawa kichwani hana kofia wala unywele. Lilitokana na somo lake la herufi kubwa, ambazo yeye huziita kofia.

Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo somo hilo nalijua kuliko hesabu zangu. Katika Kiingereza, jina la mtu huvaa kofia, na la mji, na la siku, na la mwezi. Majira ya mwaka, maskini, hutembea kichwa wazi. Neno la "mimi" huvaa kofia hata likiwa katikati ya sentensi. Hapo mwalimu husema lugha hii ina maringo kidogo, na darasa zima huangua kicheko. Kila mwaka kicheko hicho kimenivurugia somo la kugawanya.

Lugha na mataifa aliyatengea jioni nzima. Kila mwanafunzi aliandika ubaoni jina la watu wake na la lugha yake. Mwaka mmoja ilifika zamu ya mpishi wa hoteli, mwanafunzi hodari, akaandika jina lake mwenyewe, kisha akakwama. Lugha yake ina wasemaji wachache mno, na jikoni walikuwa wamemcheka mpaka akaificha. Aliweka chaki chini, akachukua mkoba wake. Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuazima dasta, na nilipomwona uso nikajua huyu harudi tena.

Mwalimu hakumzuia. Aliokota ile chaki akaandika lugha ya mama yake mzazi, ambayo hata sisi tuliokunywa naye chai miaka nenda miaka rudi hatukuwahi kuisikia. Alisema naye aliificha tangu ujanani kwa kuona haya. Halafu akaeleza kwamba Kiingereza hakiulizi mko wangapi. Lugha ya mamilioni na lugha ya bonde moja huanza kwa herufi kubwa ileile. Mpishi alirudi ubaoni, akaandika yake kwa mwandiko uliomaliza nusu ya ubao. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mwalimu, asante kwa jioni zote ulizobaki baada ya kengele na waliochelewa kutoka kazini. Sasa kapumzike. Mkeo ametuonya tusikupe hata daftari moja la kusahihisha. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu wasikivu.

Katika sherehe ya Ijumaa, mpishi yule, ambaye leo ni mkuu wa jiko, ameomba akuage kwa lugha yake, bila mkalimani. Hatutaelewa neno hata moja, na tutamsikiliza mpaka mwisho.